Maswali Akinyamaza

Mwalimu wa darasa la nne aliitwa Kipenga, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watoto, kwa sababu ya kipenga cha plastiki alichokivaa shingoni kutoka kengele ya asubuhi mpaka ya jioni, na kwa sababu ya sauti yake mwenyewe, ambayo ukiishindanisha na hicho kipenga usingejua umpe nani ushindi. Alijua wanamwita hivyo. Alijifanya hajui, maana mwalimu wa siku nyingi anajua saa ya kuwa kiziwi.

Kitu alichokipenda Kipenga kuliko mshahara kilikuwa ukimya. Jamani, mama yule alipenda ukimya! Darasa lenyewe lilikuwa la watoto arobaini na ushei, madawati yamelegea misumari, bati juu linapiga kelele jua likikolea, na dirisha linatazama jiko la shule ambako masufuria hayakuwahi kukubaliana. Humo humo yeye alitaka usikike mkwaruzo wa penseli, basi. Nyumbani kwake alikuwa nao tele. Tangu mumewe afariki na mwanawe wa pekee ahamie mbali kikazi, alikuwa akifungua mlango, akiweka mkoba, na hasikii neno la mtu mpaka kesho yake. Huo hakuuhesabu. Aliutaka wa darasani.

Na aliyemnyima alikuwa mtoto mmoja tu, binti wa dawati la pili kando ya ukuta, ambaye wenzake walimwita Maswali. Hakuna aliyeuliza kwa nini. "Mwalimu, mende ana magoti?" "Mwalimu, namba ya mwisho inaitwaje?" "Mwalimu, kama sifuri ni hakuna kitu, mbona tunaiandika?" Kipenga alikuwa akishika kiuno na kumwambia, "Mtoto wewe, utanitoa roho!" Darasa likiangua kicheko, kipenga kilipulizwa, na kesho yake mambo yakaanza upya.

Kisha Maswali akaugua. Alianza kunywa maji kama aliyelamba chumvi, akawa haishi kuomba ruhusa ya kwenda chooni, akakonda mpaka sare ikamning'inia. Akalazwa. Aliporudi, mama yake alimleta mwenyewe hadi getini. Mama huyu alikuwa karani wa mapokezi katika ofisi ya mawakili upande wa pili wa mji, na bosi wake alikuwa amekwisha kuchoshwa na ruhusa zake za hospitali.

"Mwalimu, ni kisukari," mama alisema, anaongea mbio mbio. "Sindano zake anachomwa nyumbani, asubuhi na jioni. Lakini saa nne ale alichobeba, asikose hata siku moja. Na sukari ikimshuka, hasa akitoka kwenye michezo, ananyamaza, anatetemeka, basi hapo—"

Hapo kengele ikalia. Hapo hapo wavulana wawili wakavaana kugombea mpira, Kipenga akapuliza, akafoka, akamnasa mmoja kwa ukosi, na alipogeuka alikuwa ameshafunga hesabu kichwani.

"Usijali, mama. Nimekuelewa. Sukari mwiko."

Mama akafungua mdomo. Simu yake ikaita, ni bosi. "Nitakupigia, Mwalimu," akasema huku anaondoka. Jioni alipiga kweli, simu ya Kipenga ikawa imeisha chaji. Kesho yake mtoto akarudi nyumbani mzima, kesho kutwa pia, mama akajipa moyo. Ndivyo jambo la kufa na kupona lilivyobaki nusu getini.

Kipenga, tumpe haki yake, alilichukua kwa uzito. Asubuhi ile ile alisimama mbele ya darasa. "Mwenzenu ana kisukari," akatangaza. "Kwake yeye kitu kitamu ni sumu. Sasa sikilizeni. Mtu yeyote atakayemhatarisha mwenzenu atafagia darasa hili mpaka shule ifungwe. Peke yake. Hata awe nani!"

Loo! Watoto walimpenda Maswali, na Kipenga walimwogopa. Changanya hivyo viwili uone. Darasa zima likageuka kikosi cha ulinzi. Kiranja, binti mrefu wa makini aliyeitwa Afande, alihamia dawati moja na Maswali bila kutumwa. Mtoto wa watu akishika ndizi, watatu wanasimama kujadili kama ndizi ni tamu au imekaa tu kitamu. Walimnusa mpaka mdomo. Yeye akajitetea, "Lakini daktari alisema—" na Afande akamkata: "Daktari yuko hapa? Hapa yuko Mwalimu."

Siku moja Maswali aliinua mkono. "Mwalimu, hivi unajua sukari ya mtu inaweza kushuka?"

"Ninachojua ni kwamba tuko kwenye somo la viumbe hai. Kaa chini."

Akakaa. Chini ya madaftari yake, ndani ya begi, alikuwa na kimfuko cha zipu alichofungiwa na mama yake. Aliogopa hata kukitoa.

Siku yenyewe ilianza na michezo. Watoto waliruka kamba uwanjani mpaka vumbi likawapanda magotini, na Maswali aliruka kuliko wote, maana kitanda cha hospitali kilikuwa kimemkalisha mno. Mkate wake wa saa nne aliula nusu. Nusu ya pili Afande aliikamata, kwa kuwa ilipakwa jemu, akaifunga vizuri kwenye karatasi ili amrudishie mama mwenye mali.

Wakaingia kwenye hesabu za kugawanya. Kipenga aliandika ubaoni, akafika penye baki, mahali ambapo alijua kabisa ataulizwa baki linakwenda wapi na nani anakaa nalo. Alisimamisha chaki akangoja. Kimya. Akageuka. Maswali alikuwa ametulia, mikono juu ya dawati, macho ubaoni.

"Mmeona?" Kipenga akasema, moyo mweupe kabisa. "Kumbe akitaka anaweza. Leo ametulia kama maji mtungini. Hebu mpigieni makofi."

Wakampigia. Watoto arobaini na mwalimu wao walimpigia makofi mwenzao anayezama mbele ya macho yao.

Makofi yalipoisha, mkono wa Maswali uliteremka polepole ndani ya begi. Ukatoka na kimfuko. Vidole vikahangaika na zipu, vinaikosa, vinaikosa tena, na kwenye uwazi kikachungulia kikaratasi cha rangi.

"Mwalimu!" Afande alikuwa wima. "Ana peremende!"

Kipenga alivuka darasa kwa hatua za hasira akampokonya. "Unataka kujiua, mtoto wewe? Mbele yangu?"

Siku nyingine angebishiwa mpaka kengele ya mwisho. Leo Maswali alimtazama kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Akafungua mdomo, akaufunga, akalaza kichwa juu ya dawati. Kimfuko kikaenda kukaa kwenye meza ya mwalimu, karibu na boksi la chaki, na kugawanya kukaendelea.

"Mwalimu," Afande akasema baada ya kitambo, sauti ndogo ambayo si yake. "Dawati linatetemeka."

Kipenga alikwenda kutazama. Ukosi wa sare ulikuwa umelowa, na jasho lilimtiririka mtoto shingoni ilhali upepo wa dirishani ulikuwa wa baridi. Alimwita jina lake halisi, lile la kwenye mahudhurio. Maswali alinung'unika kitu, akateleza kutoka kwenye benchi, na Kipenga akamdaka kabla hajafika sakafuni. Alipiga simu kwa mkono mmoja, mtoto yuko kifuani.

"Mpe sukari!" mama alipiga ukelele hata kabla hajamaliza kueleza.

"Sukari? Mama, nasema ana—"

"Mpe sukari sasa hivi! Mwite, anaitika? Anameza?"

"Ananung'unika. Anameza mate."

"Mkalishe. Kwenye kimfuko kuna juisi. Kidogo kidogo, asipaliwe. Mwalimu, fanya haraka, nakuomba, fanya haraka!"

Kimfuko. Kipenga alikifikia, akakipasua kwa meno, akatoa kijipakiti cha juisi. Ndipo darasa lilipolipuka.

"Mwalimu, usimpe!"

"Ni sumu, Mwalimu!"

Afande alimrukia mkono akaung'ang'ania kwa vidole vyote, machozi yanamtoka. "Utamuua! Wewe mwenyewe ulisema! Ulisema ni sumu!"

Katika maisha yake Kipenga alikuwa ametoa amri zisizo na idadi. Hii ilikuwa ya kwanza kumrudia ikiwa na kucha. Ilibidi abandue vidole vya mtoto yule kimoja kimoja huku akisema, "Niache, mwanangu, nilikosea, niache," na watoto wengine wamefunika nyuso wasione mwalimu wao anavyoua. Tone la kwanza lilimwagika kidevuni. La pili Maswali alilimeza. La tatu akalifuata mwenyewe kwa midomo.

Wakangoja. Kipenga hakujua anangoja nini, alijua tu kwamba akipumua kwa nguvu ataharibu kitu. Rangi ilirudi usoni kwa mtoto kidogo kidogo, mitetemo ikapungua, macho yakatafuta mahali pa kutua.

"Mwalimu," Maswali akasema, "mbona nyote mnalia?"

Mama alifika na kitambulisho cha ofisi bado kinaning'inia shingoni, viatu vyake mkononi, maana alikuwa amekimbia kutoka barabarani. Alimchoma binti yake kidole, akasoma kimashine chake cha kupimia sukari, akampa biskuti, kisha akakaa kwenye kiti cha mtoto na kujifunika uso kwa viganja. Hakupiga kelele. Kipenga angetoa chochote apigiwe kelele.

"Nampeleka nyumbani," mama alisema alipoinuka. "Harudi hapa. Kazi nitaacha, nitakaa naye mwenyewe."

Jioni ya siku ile Kipenga alikwenda kwao bila kualikwa. Chumba kilikuwa nadhifu, pasi bado ina moto juu ya meza, blauzi za ofisini zimetundikwa mlangoni, na kwenye jokofu dogo, pale pa kuweka mayai, zilikuwa zimepangwa chupa za dawa. Alikuwa amejiandalia maneno marefu. Aliyaacha yote mlangoni.

"Nimemponza mwanao," akasema. "Ningemuua huku najisifu."

Mama aliendelea kukunja blauzi. "Wewe peke yako? Mimi wiki ya kwanza nilimnyima hata ndizi, nikidhani namponya. Nikamrudisha hospitali mara ya pili." Akachukua blauzi nyingine. "Na nilijua sikumaliza maneno yangu pale getini. Nilijua. Ila niliogopa kufukuzwa kazi. Sina kinyongo na wewe, Mwalimu. Ila sina mtoto mwingine."

"Nifundishe basi."

"Mimi mwenyewe nafundishwa. Kesho tuna kliniki. Ukitaka, njoo."

Alikwenda. Sasa hapa kuna jambo ambalo Kipenga alilificha maisha yake yote: huyu mama aliyetetemesha shule nzima hakuweza kuona damu. Hata akikata kitunguu akajikwangua alikuwa akikaa chini. Muuguzi wa kliniki ya watoto, bwana mcheshi mwenye kalamu kibao mfukoni, alieleza yote mawili, kupanda na kushuka. Sukari ikishuka ampe kitu kitamu cha haraka, angoje robo saa, ampime tena, kisha ampe chakula. Asipoitika, asimtie kitu mdomoni, amlaze ubavu na kukimbilia hospitali. Baada ya hapo akampa kijisindano. "Haya, Mwalimu. Jipime mwenyewe kwanza."

Kipenga alijikaza kisabuni. Alichoma. Kijitone chekundu kikajitokeza, na ukuta wa kliniki ukaanza kumzunguka.

"Pumua, Mwalimu," Maswali alimwambia, anampepea kwa kadi yake ya kliniki. "Tazama dirishani. Hivi ukizimia, tunakupa juisi au tunakumwagia maji?"

Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani. Kipenga aliinuka, akanawa uso, akarudia. Mara ya tatu alikuwa amekishika kidole cha Maswali, na hakufumba macho.

"Nimekuona," mama alisema walipotoka nje. Alikuwa amelainika kidogo, lakini kidogo tu. "Wewe umejifunza. Na wale arobaini? Umewapandia maneno kichwani, Mwalimu. Wewe hutakuwa chooni siku moja? Hutaumwa? Wao ndio watakaokuwa naye. Siku hiyo watampokonya tena, kwa upendo wao wote. Kesho nitakuja kuchukua madaftari yake."

Kesho yake Kipenga alisimama mbele ya darasa na kipenga akakivua shingoni. Watoto walitazamana. Hawakuwahi kuiona ile shingo ikiwa tupu.

"Nilikosea," akasema.

Neno hilo walikuwa wameliandika wao ubaoni mara nyingi, kwa adhabu, lakini hawakudhani lina mlango wa upande ule. Akawaeleza yote aliyofundishwa. Akachora. Akaigiza mtetemo mpaka nyuma wakacheka. Akawaonyesha peremende na kuwaambia, "Akinyamaza, akitetemeka, hii ndiyo dawa, na asiyempa nitamshangaa. Sasa semeni nyinyi." Wakasema, wakarudia, wakasahihishana. Mvulana mmoja alitaka kujua kama Maswali akiwa mzima wanaweza kumsaidia kula hizo peremende, akaambiwa akae.

Afande alikuwa hajasema neno. Alisimama polepole, mikono nyuma, uso umemvimba kwa kulia usiku.

"Mwalimu, ulisema atakayemhatarisha mwenzetu atafagia darasa mpaka shule ifungwe. Mimi nilimkamatia mkate. Nimekuja na ufagio wangu."

Kipenga alimsogelea. "Nani alikuambia ukamate?"

Afande aliinamisha kichwa. Alikuwa mtoto wa adabu, hakutaka kujibu.

"Ni wewe, Mwalimu," zikajibu kwa niaba yake sauti za nyuma, zisizo na sura.

"Nilisemaje? Peke yake, na hata awe nani. Sivyo? Lete huo ufagio, kisha inueni miguu."

Mama Maswali alipofika mlangoni kuchukua madaftari, binti yake amemshika mkono, alikuta watoto arobaini wamekaa juu ya madawati, miguu imepandishwa, na Kipenga ameinama katikati yao, kitenge amejifunga kiunoni, anafagia. Vumbi limemjaa nyusi. Afande anamwelekeza pembe alizoruka.

Mama alisimama pale muda mrefu. Kisha Afande akamwona Maswali, akaruka chini, akamkimbilia na kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Ilikuwa nusu ya mkate wa jemu, imekauka kama kigae.

"Samahani," Afande akasema. "Huu sasa umeharibika. Lakini tumekuchangia peremende. Ziko kwenye kabati, na funguo anayo kila mtu."

"Kila mtu hawezi kuwa na funguo," Maswali akasema. "Kabati lina funguo ngapi?"

"Hatulifungi."

Mama aliangua kicheko, na katikati ya kicheko akalia. Madaftari hakuyachukua.

Kuanzia hapo Kipenga akawa na desturi yake mpya. Maswali akitulia kupita kiasi, alikuwa akiinama dawatini na kumwambia, "Niulize swali." Likija swali, hata la mende na magoti yake, aliendelea na somo kwa amani. Na jioni alifagia. Watoto walijaribu kumsaidia, akawafukuza.

Wakafika kwenye mtihani wa kufunga shule. Darasa lilinyamaza. Ukimya wenyewe ule, mkwaruzo wa penseli tu, hata masufuria ya jikoni yalikuwa yamepumzika. Miaka yote Kipenga aliuota ukimya wa namna hiyo, na sasa hakuweza kuukalia. Alipita nyuma ya madawati mara moja, akapita tena. Akasimama penye dawati la pili kando ya ukuta.

"Niulize swali," akanong'ona.

Maswali aliinua macho taratibu. Alifikiri. Akatikisa kichwa.

Kabla Kipenga hajageuka, Afande alikuwa ameshafungua zipu ya kimfuko kipya. Kidole, tone, kimashine. Kipenga hakutazama dirishani. Sukari ilikuwa imeshuka. Peremende zikaingia mdomoni, na darasa zima likaweka penseli chini bila kuambiwa.

Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni. "Kuna nini humu? Si mna mtihani?"

"Tunamngoja mwenzetu," Afande akamjibu, kwa heshima zote. Mwalimu mkuu aliangalia zile penseli zilizolala, akarudisha mlango polepole.

Robo saa ikapita. Wakampima tena, akapewa mkate wake, wote na jemu yake, na aliutafuna huku amemkazia Kipenga macho.

"Mwalimu."

"Naam."

"Mimi nikinyamaza unakuja kuniuliza. Wewe ukinyamaza huko nyumbani kwako, nani anakuja?"

Kipenga aligeuka akaufuta ubao uliokuwa safi. "Endelea na mtihani," akasema, na sauti ile kubwa ilimkatikia njiani.

Jioni alifungua mlango wake, akaweka mkoba, akakaa kwenye kochi bila hata kuvua viatu. Hakuwa na hamu ya kupika. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani simu ilipoita, na alishtuka, maana simu yake saa hizo haikuwa na kazi.

"Mwalimu, samahani," mama Maswali alisema, nyuma yake kunasikika sahani. "Huyu mtoto amenichosha. Ameapa hachomwi sindano wala hali mpaka nikuulize kama wewe umekula."

Kipenga alilitazama jiko lake, sufuria limefunikwa, limekauka tangu jana.

"Mwambie bado," akasema.

Kukawa na mvutano wa kunyang'anyana simu, kisha pumzi ya mtoto sikioni.

"Kwa nini bado, Mwalimu?"